Land Cruiser ya Porini: Jinsi ya Kuitunza Kwenye Vumbi na Maji

Kitabu cha gari hukupa ratiba ya matengenezo kwa kilomita. Wengi huishia ukurasa huo. Ukisoma zaidi, utakuta kitabu hichohicho kina ratiba ya pili, kwa gari linalopita kwenye vumbi, matope, mito na mizigo mizito. Ratiba hiyo ya pili ndiyo yako. Kilomita 3,000 za kuzunguka Ndutu ukifuata vumbi la gari lililotangulia hulichosha gari kuliko kilomita 10,000 za lami kati ya Arusha na Dodoma.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6 kwenye mstari mmoja, lita 4.2, haina turbo. Injini hii ilianza kutumika mwaka 1990, na mpaka leo ndiyo inayobeba watalii kutoka Arusha, chanjo kwenda zahanati za vijijini na mbegu kwenda mashambani. Kama gari lako lina injini nyingine, taratibu ni zilezile. Kwa vipimo vya oili na muda wa belti, fuata kitabu chake.

Injini ya 1HZ ni ngumu, na ugumu wake umewaponza wengi. Huvumilia uzembe kwa muda mrefu bila kulalamika, kisha siku ikifa inakufa mbali na mji.

VUMBI

Anza hapa, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi za porini huuawa. Udongo wa nyanda za kusini za Serengeti umetokana na majivu ya volkano. Ni laini mno, na chembe zake ni ngumu. Zikipenya chujio la hewa hukwaruza kuta za silinda na ringi za pistoni. Dalili hazionekani siku hiyo. Baada ya miezi gari huanza kuwaka kwa shida asubuhi za baridi, kisha linakunywa oili, kisha linatoa moshi wa bluu. Hapo dawa ni kuifungua injini yote.

Jinsi ya kukagua eya klina:

1. Zima injini. Futa kopo la eya klina kwa nje kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kulifungua, vumbi la juu lisije likaangukia ndani.
2. Fungua vibanio, toa chujio polepole.
3. Kabla ya kufanya lolote lingine, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Kikitoka safi, chujio linafanya kazi. Kikitoka na rangi ya udongo, injini inakula vumbi na kupuliza chujio hakutasaidia. Kuna mahali hewa inapita pembeni: mpira wa kuziba umekakamaa, klipu imelegea au bomba limepasuka. Patafute mpaka upaone.
4. Puliza chujio kutoka ndani kwenda nje, kwa presha isiyozidi psi 30, ncha ya kompresa ikiwa mbali kidogo na karatasi. Ukipuliza kutoka nje unashindilia vumbi ndani.
5. Weka taa ndani ya chujio mahali penye giza. Ukiona mwanga ukipenya, hata kwa tundu dogo la sindano, litupe. Litupe pia likiwa limelowa oili au maji.
6. Binya mdomo wa mpira ulio chini ya kopo ili vumbi lililokusanyika limwagike. Mpira huu ukipotea, usifunge gari na kuondoka hivihivi, tafuta mwingine.
7. Rudisha chujio, hakikisha limekaa sawa, funga vibanio vyote.

Kuligonga chujio kwenye tairi ni mazoea ya gereji nyingi, na ni mabaya. Hulipinda na kulipasua pale mpira ulipogundishwa, mahali ambapo jicho halioni. Kuliosha kwa petroli ni kuliua kabisa. Wala usilifungue kila siku bila sababu, maana kila ukilifungua unalipa vumbi nafasi ya kuingia. Kwenye safari za vumbi zito, likague kila jioni. Kwa matumizi ya kawaida ya vijijini, mara moja kwa wiki inatosha.

KISANDUKU: Je, viungio vya snokeli yako vimezibwa?

Lile bomba lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele huvuta hewa ya juu, ambako vumbi ni pungufu. Lakini mengi hufungwa na mafundi wa mitaani bila kuziba viungio. Hapo bomba linabaki pambo, na mtoni ni hatari.

Kipimo chake ni hiki: washa injini bila kukanyaga mafuta. Ziba mdomo wa snokeli kwa ubao bapa uliofungwa mpira, usitumie kiganja. Injini inapaswa kukabwa na kuzima ndani ya muda mfupi. Ikiendelea kunguruma bila wasiwasi, inapata hewa mahali pengine, na mahali hapohapo maji yatapitia siku utakayovuka mto. Kagua kila kiungio kuanzia juu hadi kwenye kopo.

OILI NA DIZELI

Kwa gari linaloishi porini, mwaga oili kila kilomita 5,000 na ubadilishe filta yake wakati huohuo. Tumia oili ya injini za dizeli, 15W-40 inafaa kwa hali yetu ya hewa. Injini hii hubeba zaidi ya lita 9, hivyo usije gereji na galoni moja ya lita 5 ukidhani utamaliza kazi.

Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa. Weusi huo si ugonjwa, ni masizi yanayobebwa na oili kama inavyotakiwa. Ugonjwa ni huu: oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia, au kipimo kinachopanda badala ya kushuka, maana dizeli au maji yanavujia kwenye sampu. Ukiona mojawapo, usiendelee na safari.

Kuhusu dizeli, shida kubwa huko vijijini ni maji. Mafuta yanayouzwa kwa mapipa na madumu hukaa na unyevu, na pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakifika humo, hakuna kinachoilinda. Ukilazimika kununua ya pipa, omba ivutwe kutoka juu, si kutoka chini kabisa, na uichuje kwa kitambaa safi. Kisha:

1. Weka chupa yenye uwazi chini ya filta ya dizeli.
2. Legeza kizibo kilicho chini ya filta.
3. Pampu kwa mkono kwa kile kitufe cha juu. Maji yatatoka kwanza, yakikaa chini ya chupa.
4. Dizeli ikitoka safi, kaza kizibo, pampu tena mpaka kitufe kiwe kigumu, ndipo uwashe.

Fanya hivyo kila wiki ukiwa safarini, na kila taa ya filta inapowaka kwenye dashibodi.

MAJI KWENYE DIFU NA NAO ZA MBELE

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu gari huendelea kutembea vizuri tu.

Ukiendesha saa mbili, difu inakuwa moto na hewa iliyo ndani yake inapanuka. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa hiyo husinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu. Kipumulio kilicho wazi kitaiingizia hewa. Kipumulio kilichozibwa na matope kitaiacha ivute maji kupitia sili. Kwa hiyo mambo mawili: safisha vipumulio kila unapofanya sevisi, na kama vyako viko juu ya ekseli yenyewe, mwambie fundi avifunge bomba la mpira lipande hadi juu. Ni kazi ya gharama ndogo sana. Ukifika mtoni, simama ukingoni kwanza. Muda utakaotumia kupima kina kwa fimbo na kutafuta mawe ndio huohuo wa difu kupoa.

Baada ya kuvuka maji marefu, kagua hivi:

1. Egesha gari mahali tambarare, lilale usiku mzima. Maji ni mazito kuliko oili, yatashuka chini.
2. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua nati ya kujazia kwanza. Ikigoma kufunguka, usiguse ya chini. Ukiifungua utabaki na difu tupu usiyoweza kuijaza.
3. Legeza nati ya chini kidogo tu, kinga matone ya mwanzo kwenye kopo jeupe.
4. Yakitoka maji, au oili iliyochafuka na kuwa nyeupe-nyeupe, mwaga yote.
5. Papasa uchafu ulionaswa kwenye nati. Ute mweusi laini ni wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidole vinatoka kwenye meno au beringi, na fundi anahitaji kuviona.
6. Jaza oili ya difu ya SAE 90 yenye alama ya GL-5 mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Angalia pia giaboksi na transfa kwa njia hiyohiyo.

Sasa lala chini utazame nyuma ya gurudumu la mbele. Utaona tufe la chuma linalong'aa, ambalo gurudumu hulizunguka unapokata kona, na ukanda wa sufi unaolifuta. Tufe hilo likiwa na utando mwembamba wa grisi, ni salama. Likichuruzika uji mweusi mwepesi unaoshuka hadi ndani ya rimu, sili ya ndani ya ekseli imechoka: oili ya difu imepita, imechanganyika na grisi na kuiyeyusha. Kuongeza grisi hapo ni kupoteza pesa. Sili ibadilishwe, kila kitu kioshwe, kipakwe grisi mpya, kabla uji huo haujafika kwenye breki.

Beringi za mbele zipimwe hivi kila kilomita 5,000:

1. Weka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, inua ekseli ya mbele kwa jeki, kisha iwekee stendi. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na udongo wa porini hudidimia.
2. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Lisicheze.
3. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, tatizo liko kwenye beringi za lile tufe.
4. Shika kushoto na kulia, tikisa. Mchezo hapa mara nyingi ni wa tairodi.

Beringi za magurudumu zifunguliwe, zioshwe na kupakwa grisi mpya kila kilomita 20,000 kwa gari la porini, au mara moja baada ya nao (vitovu vya magurudumu) kuzama kwenye maji kwa muda mrefu.

Propela shafti zina nipo za grisi kwenye krosi na kwenye kiungio kinachoteleza. Baada ya kila mto au kila safari ya matope, piga grisi kwenye krosi mpaka ile ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa, njia yake imeziba na hicho ndicho kitakachovunjika. Kwenye kiungio kinachoteleza pampu mara mbili tatu tu. Ukijaza kupita kiasi, shafti inakosa pa kurudi na kuzisukuma beringi.

Jambo la mwisho hapa: hata kama msimu ni wa kiangazi na huhitaji fowili, funga nao za mbele, iingize na uendeshe angalau kilomita 15 au 20 kila mwezi, kwenye barabara ya vumbi au kokoto, ili oili ifike kila mahali. Usifanye hivyo kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki kwa kasi sawa kwenye kona, na bila udongo wa kuteleza nguvu hiyo inaishia kwenye meno ya gia.

MTIKISIKO

Yeyote aliyepita barabara kutoka lango la Naabi kuingia Serengeti ya kati anaijua mikunjo ile. Kila nati kwenye gari hutikiswa saa nzima bila kupumzika. Baada ya safari ya namna hiyo chukua spana, zunguka gari lote. Anza na hizi:

☐ Yuboliti za springi. Zikilegea, senta bolti inakatika na ekseli inahama.
☐ Majani ya springi. Safisha kwa brashi, tafuta mstari mwembamba wa kutu unaokata jani kwa upana. Huo ni ufa.
☐ Shokapu. Mara tu ukisimama baada ya njia mbaya, ziguse kwa tahadhari. Zinazofanya kazi zina joto. Iliyo baridi kati ya zenye joto imekufa.
☐ Kibanio cha betri. Betri inayocheza hupasuka, au terminali yake hugusa chuma na kuwasha moto.
☐ Keria, vioo, bomba la sailensa.
☐ Nati za magurudumu, zikazwe kwa kuvuka upande kwa upande, na zikaguliwe tena kilomita 50 au 100 baada ya kila tairi kufunguliwa.

Magari mengi ya utalii yamekatwa chesisi na kurefushwa. Kama lako ni miongoni mwao, kagua mishono ya kuchomelea kila sevisi. Osha matope kwanza. Ufa haujifichi kwenye chuma safi.

Upepo wa tairi uwe kwa mujibu wa kibandiko cha mlangoni na mzigo uliobeba. Ukipunguza ili kupita mchangani, usirudi kwenye mwendo wa barabarani kabla ya kujaza tena. Tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka.

REJETA NA NYASI

Msimu wa mvua nyasi za Tarangire na Serengeti hurefuka, na mbegu zake hujaa kwenye rejeta. Sindano ya joto ikianza kupanda kidogo kuliko ulivyozoea, usisubiri ifike kwenye nyekundu. Simama, acha ipoe, kisha sukuma mbegu nje kwa maji au hewa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Usifungue mfuniko wa rejeta yenye moto. Tumia kulanti, maana maji ya kisima pekee hutia kutu na chumvi. 1HZ iliyochemka vibaya hupasuka silinda hedi, na hedi ni bei kubwa.

Baada ya kupita nyasi ndefu, chungulia chini karibu na sailensa na uondoe nyasi zote zilizonasa. Gari huungua hivihivi, na mbuga pamoja nalo.

BREKI

Anayeshuka kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto ashuke kwa gia ndogo, breki ziwe za kusaidia tu. Fluidi ya breki hunyonya unyevu, na yenye unyevu huchemka mteremkoni na pedali ikazama. Ibadilishe kila miaka 2. Ukitoka mtoni, kanyaga breki kidogokidogo huku ukienda taratibu mpaka zishike.

ONYO: Taiming belti

Belti hii haivuji, haipigi kelele na haioneshi dalili. Ikikatika, valvu hugongana na pistoni. Ibadilishe kila kilomita 100,000, pamoja na roli yake ya kukaza. Kama umenunua gari lililotumika, iwe kwa mnada au bandarini, na huna ushahidi wa maandishi kwamba ilibadilishwa, ibadilishe kabla ya safari ya kwanza. Usiamini dashibodi, namba zake hurudishwa nyuma.

KILA ASUBUHI, KABLA YA KUWASHA

☐ Oili ya injini, gari likiwa tambarare
☐ Kulanti kwenye chupa yake
☐ Fluidi ya breki na ya klachi
☐ Belti za feni: hazijachanika, hazijalegea
☐ Ardhi chini ya gari: kuna tone jipya? La rangi gani?
☐ Matairi yote, na la akiba pia
☐ Taa, honi, waipa

Kazi hii ni ya dakika kumi. Dereva aifanye mwenyewe, asimwachie fundi, kwa sababu dereva ndiye anayejua jana gari lilikuwaje.

USIONDOKE BILA

Belti za feni, mipira ya rejeta, filta ya dizeli na ya oili, fyuzi, lita 5 za oili, lita 20 za maji, pampu ya grisi, jeki na ubao mpana wa kuiwekea chini, kompresa ndogo na viraka. Spana ziwe zinazolingana na nati za gari lako, zijaribu nyumbani.

Weka daftari kwenye gari. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, mto uliovuka na ulichokiona kwenye lile kopo jeupe. Fundi akibadilisha kipuri, mwombe akukabidhi cha zamani ukiangalie. Na kama hujui mara ya mwisho kitambaa cheupe kilipitishwa lini kwenye bomba la hewa la gari lako, kipitishe leo, kabla hujatia mafuta ya safari inayofuata.